Tangi la Matumbawe Hupumua Hewa ya Sebuleni: Kwa Nini pH Hushuka, na Nini Huipandisha

Ijumaa moja ya mwezi wa saba jamaa walikusanyika kwangu Maskati kama kawaida yao. Watu 18 sebuleni, watoto wanakimbizana, halwa na kahawa mezani, kiyoyozi kinanguruma, na madirisha yote yamefungwa kwa sababu nje joto lilikuwa halijashuka hata baada ya magharibi. Saa tatu usiku nikatupia jicho kipimo cha pH, yaani ukali wa asidi majini, cha tangi langu la matumbawe. Mchana kilikuwa kimesoma 8.05. Sasa kilisoma 7.78.

Nikaenda kabatini nikatoa chupa ya dawa ya kupandisha pH, nikamimina kifuniko kimoja. Namba ikapanda mpaka 7.9, nikapumua. Baada ya saa moja ikarudi palepale.

Aliyelitibu tangi lile ni shangazi yangu, ambaye pH haijui ni mdudu gani. Chetezo kilikuwa kimesheheni, udi umechomwa mpaka macho yanawasha. "Mwanangu, fungua dirisha, tutakufa na moshi," akasema, na kabla sijajibu akainuka akafungua mwenyewe, madirisha mawili. Watu wakalalamikia joto. Mimi nikawa natazama kipimo: 7.84, kisha 7.90, na wageni walipoaga saa tano kilikuwa 7.96. Majini sikuwa nimetia kitu kingine chochote.

Nilikuwa nimefuga samaki wa bahari kwa miaka kadhaa kabla ya usiku ule, na muda wote huo niliamini kwamba pH ni jambo la maji. Katika matangi mengi ya nyumbani, ni jambo la hewa kwanza. Hilo likieleweka, mengine yote hukaa sawa, na pesa nyingi hubaki mfukoni.

Namba inayodanganya macho

pH hupima ioni za haidrojeni zilizo huru majini, yaani ukali wa asidi. Aliyeibuni ni mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909, akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen. Alitaka kuepuka kuandika sufuri nyingi baada ya nukta. Njia aliyoichagua ina mitego miwili. Namba ikipanda, asidi inapungua. Tena hatua moja ya namba ni mara kumi ya kitu chenyewe. Maji yakishuka kutoka 8.1 hadi 7.8 jicho linaona tofauti ya 0.3 tu, lakini ioni za haidrojeni zimekuwa maradufu.

Ndiyo sababu wanasayansi wa bahari hawalali kwa tofauti ya 0.1. Tangu viwanda vianze kuchoma makaa na mafuta, maji ya juu ya bahari yameshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, na hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 30 ya ioni hizo.

Hapo mfugaji mpya hushtuka. Kama bahari nzima inalia kwa 0.1, tangi lake linalopanda na kushuka 0.3 kila siku litapona vipi? Litapona, kwa sababu hata mwamba wa pwani haukai namba moja. Nenda Ghuba ya Chwaka, Unguja, maji yakiwa yamekupwa na jua limesimama. Majani ya bahari yanafyonza kabonidioksidi na pH ya vidimbwi inapanda. Usiku viumbe vyote vinapumua, nayo inashuka. Kinachoitesa bahari ni wastani unaosogea miaka nenda miaka rudi bila kurudi ulikotoka. Tangi hufanya kama kidimbwi cha Chwaka: namba ya chini kabisa huonekana alfajiri kabla taa hazijawaka, ya juu kabisa jioni taa zinapokaribia kuzimwa. Ukipima mara moja tu kwa siku bila kuandika saa, hujui umepima nini. Mtu anaweza kuogopa bure kwa kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi, au kuringa bure kwa cha saa mbili usiku.

Kati ya 7.8 na 8.5 matumbawe huishi. Wengi wetu tungependa 8.0 mpaka 8.4. Chini ya 7.8 tumbawe halifi papo hapo, ila linajenga kwa taabu. Mifupa yake huijenga ndani ya ute mwembamba uliopo chini ya ngozi, na humo hulazimika kuzisukuma nje ioni za haidrojeni ili pH ya ute izidi ya maji. Maji ya nje yakiwa na ioni nyingi, kazi hiyo hula nguvu zaidi. Kwa ualkali wa kawaida wa bahari (uwezo wa maji kumeza asidi, tutaueleza mbele kidogo), karibu na 7.7 mifupa iliyo wazi, isiyofunikwa na ngozi hai, hufika ukingoni mwa kuyeyuka.

Watu watatu wa nyumba moja

Kabonidioksidi ikiingia majini hubadilika sura. Sehemu ndogo hubaki gesi. Sehemu kubwa hushikana na maji, ikaachia ioni moja ya haidrojeni na kuwa baikabonati. Baikabonati nayo ikiachia ioni ya pili huwa kabonati, ambayo ndiyo tofali la tumbawe. Katika maji ya bahari yenye pH 8.1, takriban sehemu 90 kwa mia ni baikabonati, tisa hivi ni kabonati, na moja au pungufu ni gesi. Hawa watatu wanaishi nyumba moja na hubadilishana nguo kila wakati. Ukiongeza gesi, ioni za haidrojeni huzidi, kabonati huvaa nguo za baikabonati, na pH hushuka. Ukiitoa gesi, mambo hugeuka.

Hapo ndipo ualkali unapoingia, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu neno lenyewe linafanana na "maji yenye alkali", yaani pH ya juu. Ni vitu viwili tofauti. Ualkali ni uwezo wa maji kumeza asidi, na katika tangi karibu wote ni ile baikabonati na kabonati. Tunaupima kwa nyuzi za Kijerumani, dKH. Bahari ina kama 7. Wafugaji huweka kati ya 7 na 11. Gesi ikiingia au ikitoka, ualkali hausogei hata kidogo. pH ndiyo inayoruka.

Kwa hiyo pH haiko huru. Inaamuliwa na wawili: ualkali, na kiasi cha kabonidioksidi kilichomo majini. Ukijua hao wawili, pH unaweza kuikokotoa kabla ya kuipima. Hewa ya nje ina kabonidioksidi kiasi cha sehemu 420 kwa milioni. Maji yenye ualkali wa 7 yakilingana na hewa hiyo husoma takriban 8.2. Sebule iliyofungwa yenye watu hufika sehemu 800 bila shida, na maji yaleyale yatasoma karibu 7.95. Chumba cha kulala kilichofungwa usiku kucha, au jiko la gesi linalowaka kwenye nyumba isiyopitisha hewa, hupita 1,600. Hapo utaona 7.7.

Sasa rudi kwenye chupa yangu. Dawa nyingi za "kupandisha pH" ni ualkali uliofungwa kwenye chupa ya rangi nzuri. Ukiumimina, pH huruka, kisha hewa ya chumba hurudisha gesi majini mpaka wawili wale walingane tena. pH inarudi karibu ilipokuwa. Ualkali hauondoki, umebaki juu. Kesho unamimina tena. Kupandisha ualkali kutoka 7 hadi 11 katika hewa ileile hukupa nyongeza ya 0.2 hivi tu. Ili chumba chenye sehemu 1,600 kisome 8.2 kwa njia ya chupa, ungehitaji ualkali wa zaidi ya 25. Muda mrefu kabla ya hapo kalsiamu na kabonati vitakuwa vimeshikana na kuanguka kama unga mweupe kwenye pampu, na ncha za matumbawe yenye matawi zitakuwa zimeungua. Nimewahi kufika 13. Ncha ziligeuka nyeupe kama mswaki mpya.

Bahari iliyofungiwa ndani ya kioo

Kisa kikubwa kuliko vyote vya sebule iliyofungwa kilitokea jangwani Arizona, Marekani. Mwezi Septemba 1991 watu wanane walijifungia miaka miwili ndani ya jumba la vioo na chuma liitwalo Biosphere 2. Humo mlikuwa na msitu, mashamba, na bahari ndogo ya takriban lita milioni 2.6 yenye matumbawe hai. Vijidudu vya kwenye udongo uliorutubishwa vilipumua kuliko mimea ilivyoweza kufidia. Majira ya baridi, jua lilipopungua, kabonidioksidi ilifika karibu sehemu 4,000 kwa milioni. Bahari ile ikaanza kushuka pH kama tangi langu usiku wa udi, na waliokuwa ndani wakalazimika kuitilia kabonati na baikabonati ya sodiamu ili matumbawe yasiyeyuke.

Walichofanya ni kile tulichosema hakifai, kumwaga ualkali juu ya hewa mbaya. Lakini wao hawakuwa na dirisha la kufungua. Sisi tunalo.

Kulikuwa na kitendawili kingine humo. Oksijeni ilikuwa ikipungua mwezi hadi mwezi, mpaka ikafika asilimia 14.5 na kulazimu kuongezwa. Kama vijidudu ndivyo vilivyoila, basi kabonidioksidi ilipaswa kupanda zaidi hata ya ile iliyopimwa. Ilikwenda wapi? Jeff Severinghaus na Wallace Broecker waliifuata mpaka wakaikuta ukutani. Zege mbichi ina chokaa iliyozimwa, na chokaa ile ilikuwa imeinywa gesi na kugeuka jiwe. Ikumbuke kuta hizo, tutazirudia.

Baadaye jumba lilipokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Columbia, Chris Langdon aliitumia bahari hiyohiyo kubadilisha kemia ya maji makusudi na kupima kasi ya ujenzi wa matumbawe. Kabonati ilipopungua, ujenzi ulipungua nayo. Baadhi ya tunayoyasema leo kuhusu bahari na asidi yalipimwa pale, ndani ya tangi kubwa lenye matatizo ya tangi dogo.

Jaribio la bilauri mbili

Kabla ya kununua kitu, hakikisha kipimo chako hakikudanganyi. Elektrodi ya kioo huzeeka. Isawazishe kila mwezi kwa maji maalumu ya pH 7 na 10, yakiwa na joto sawa na la tangi, na baada ya mwaka mmoja au miwili ibadilishe. Isikauke, na usiihifadhi ndani ya maji yaliyochujwa kabisa, kwani hayo huiharibu taratibu. Nimeona mtu akihangaika wiki tatu na "pH ya 7.6" iliyokuwa 8.0. Mgonjwa alikuwa kipimo.

Kisha chota maji ya tangi ujaze bilauri mbili. Pima. Moja ipeleke nje, kibarazani au juu ya paa, itie pampu ndogo ya hewa ipulize kwa saa moja au zaidi, halafu pima tena. Ya pili ifanyie hivyohivyo ndani, kando ya tangi. Bilauri ya nje ikipanda na ya ndani isipande, tatizo ni hewa ya nyumba. Zote mbili zikipanda, hewa ya nyumba ni nzuri, ila tangi lako halichanganyiki nayo vya kutosha: uso wa maji umetulia, au mfuniko umebana mno. Zote zikikaa palepale, tafuta kwenye ualkali, maana umeshuka.

Jaribio hili ni la bure na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Linakuzuia kutibu tumbo kwa dawa ya macho.

Tiba, nikianzia na zisizogharimu

Dirisha. Pwani ya Afrika Mashariki, nyumba zenye madirisha ya nyavu na upepo wa kusi hazina haja ya sura hii. Ni viyoyozi vilivyotuletea shida, Dar es Salaam, Mombasa na huku Ghuba, kama baridi inavyowaletea jamaa walioko Toronto. Kiyoyozi cha kawaida hakileti hewa mpya. Huizungusha ileile mliyokwisha kuipumua, ikiwa imepozwa.

Kama dirisha haliwezekani, kuna mrija. Skima, ile mashine inayopigapiga maji kwa vipovu ili itoe uchafu, hufyonza hewa nyingi mchana na usiku. Chukua mrija mpana, uunganishe pale inapovutia hewa, upitishe nje ya ukuta. Tangi litakuwa linapumua bustani badala ya sebule. Mdomo wa nje uelekeze chini, uufunge wavu dhidi ya wadudu, na uwe mbali na jiko na gari. Siku majirani wakipuliza dawa ya mbu, uchomoe. Mrija mrefu uliopinda sana huibana skima, kwa hiyo fanya njia fupi.

Wasioweza kutoboa ukuta hutia chembe za kunyonya gesi kwenye mkebe ulio njiani mwa hewa ya skima. Ni chembe zilezile zinazotumika kwenye mashine za usingizi hospitalini, na aina nyingi hugeuka zambarau zikishiba. Ukitazama zimetengenezwa na nini, ni chokaa iliyozimwa kwa sehemu kubwa. Kuta za Arizona tena, mara hii ndani ya mkebe.

Halafu mwani. Wakulima wa Paje na Jambiani hawahitaji kuambiwa kwamba mwani hula kaboni ukawa uzito. Weka tangi dogo chini ya kubwa, lijaze mwani wa nyuzinyuzi unaokua haraka, uliwashie taa usiku matumbawe yakiwa gizani. Muda ambao tangi kubwa linatoa gesi, dogo linaila. Mpanuko kati ya alfajiri na jioni hupungua, na kila ukivuna unatoa pia nitrati na fosfati. Haitibu chumba kilichojaa watu 18, lakini husaidia kila siku bila kelele.

Chokaa ya shangazi

Njia ninayoitegemea mwenyewe ni maji ya chokaa. Wafugaji wa Ulaya huyaita kwa jina la Kijerumani, Kalkwasser, na wengi wanadhani ni uvumbuzi wa maabara. Nilipomweleza shangazi ninachochanganya, aliuliza, "Chokaa hii hii ya tambuu?"

"Ndiyo hiyo, shangazi."

"Na samaki hawababuki midomo?"

Swali zuri, maana mlaji wa tambuu anajua chokaa ikizidi inavyochoma ulimi. Lakini kwanza tuone chokaa inatoka wapi. Wazee wa pwani walirundika magogo, wakapanga mawe ya matumbawe juu, wakachoma tanuu. Moto ulifukuza kabonidioksidi kutoka kwenye jiwe na kuacha chokaa kali. Wakaizima kwa maji, ikafoka na kutulia kuwa unga laini. Wakajengea. Ukutani, taratibu, chokaa ikavuta tena gesi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na nyumba za Lamu zimesimama kwa mzunguko huo. Tumbawe limechomwa, likazimwa, likarudi kuwa jiwe kwa kunywa hewa.

Ndani ya tangi mzunguko ni huohuo, kinyumenyume. Tumbawe likijenga, huchukua kalsiamu moja na baikabonati mbili, likaacha jiwe, maji, na kabonidioksidi. Naam, kujenga mwamba kunatoa gesi, na tangi lenye matumbawe mengi yanayokua hujishushia pH lenyewe. Chokaa iliyozimwa ikiingia majini huikamata gesi hiyo na kuigeuza kuwa baikabonati, na papo hapo huleta kalsiamu. Kinachotolewa na tumbawe ndicho chokaa inachokila, na kinachotolewa na chokaa ndicho tumbawe linachokihitaji, kalsiamu moja kwa baikabonati mbili. Sijui dawa nyingine ya tangi inayolingana hivi na ugonjwa.

Kiasi ni gramu 1.5 kwa lita moja ya maji safi yaliyochujwa. Ukizidisha, iliyozidi itatulia chini tu, kwa sababu maji hayawezi kuyeyusha zaidi ya hapo kwa wingi. Tena tofauti na sukari, maji ya moto huyeyusha chokaa kidogo kuliko ya baridi. Koroga, funika, acha yatulie, tumia yaliyo maangavu. Usiyaache wazi, maana yatakunywa hewa na kujifanyia utando wa jiwe juu. Lita moja ya maji hayo ndani ya tangi la lita 100 huongeza ualkali kama 1.1 na kalsiamu miligramu nane kwa lita. Yanafaa kutumika kufidia maji yanayovukizwa, tone kwa tone, hasa usiku pH ikiwa chini.

Tone kwa tone si mapambo ya lugha. Maji hayo yana pH ya 12.4. Vaa miwani na glavu, yaweke mbali na watoto. Na chokaa iwe ya daraja la chakula. Ile ya kupakia kuta ina mchanganyiko usiojulikana.

Chokaa ina mpaka wake: huwezi kuongeza zaidi ya maji yanayovukizwa. Tangi lenye matumbawe makubwa huhitaji nyongeza, na hapo huingia magadi. Magadi soda ya kuokea, ile ya mkebe, ni baikabonati. Gramu tatu kwa lita 100 hupandisha ualkali 1, ila pH haipandi, huenda hata ikashuka kidogo mwanzoni. Ukiianika kwenye oveni yenye joto la nyuzi 150 mpaka 200 kwa saa moja, hutoa maji na gesi, ikabaki kabonati, na sasa gramu mbili pungufu kidogo zinafanya kazi ileile huku pH ikipanda. Kwa hiyo anayetaka ualkali pekee atumie mbichi, anayetaka na pH aioke. Magadi ya kuchimbwa, yale ya Ziwa Magadi tunayolainishia maharage, yaache jikoni. Yana floridi na chumvi nyingine. Na usipandishe ualkali zaidi ya 1 kwa siku, hata kama tangi limeshuka sana.

Wenye mashine ya kuyeyusha changarawe za matumbawe kwa gesi wajue kwamba maji yanayotoka humo yana pH ya 6.5 hivi. Huleta ualkali mwingi na huangusha pH kwa mkono mwingine. Wengi huitumia pamoja na chokaa.

Siku mambo yanapokwenda vibaya

Umeme ukikatika, pampu na skima vinasimama, na pH itashuka kwa sababu gesi haina pa kutokea. Usiishughulikie. Kinachoua samaki wakati huo ni kukosa oksijeni. Tafuta pampu ya hewa ya betri. Ukiitia, oksijeni inaingia na gesi inatoka kwa pamoja.

Mfuko wa samaki aliyesafiri nao una hila yake. Samaki waliotoka Mombasa wakakaa mfukoni saa nyingi wamepumua humohumo, kwa hiyo pH ya maji yao iko chini sana. Wametoa taka pia, na amonia imejaa. Kwa pH ya chini amonia hiyo iko katika sura isiyowadhuru sana. Ukifungua mfuko ukaanza kuchanganya maji polepole kwa saa mbili, kama vitabu vya zamani vinavyoagiza, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia inageuka sumu wakiwa bado ndani. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, linganisha chumvi haraka, watoe. Maji ya mfuko yamwage.

Kuna pia kuzidisha, ambako mimi ni shahidi. Kielea cha kujazia maji kilinasa konokono usiku, na lita sita za maji ya chokaa zikaingia kwenye tangi langu la lita 300 kwa mkupuo. Alfajiri nilikuta maji meupe kama tui, kipimo 8.9. Mkono ulinituma nibadilishe nusu ya maji. Sikufanya hivyo. Nilifunga bomba la chokaa, nikauchomoa mrija wa nje ili skima ivute hewa ya chumba, kwa mara ya kwanza nikiifurahia gesi ya nyumbani, na nikatia siki nyeupe kidogo kidogo kwenye mkondo wa maji huku nikitazama namba. Saa nne asubuhi ilikuwa 8.5, adhuhuri 8.35. Ualkali, ambao ungepaswa kupanda, ulikuwa umeshuka kutoka 8.5 hadi 6.4, kwa kuwa kabonati ilikwisha kuanguka kama vumbi, na niliurudisha kwa siku tatu. Samaki wote walipona. Tumbawe moja la matawi lilikufa, lile lililokuwa karibu na mdomo wa bomba. Pampu nilizilowesha kwenye siki usiku mzima kutoa ukoko, na tangu siku ile ndoo yangu ya chokaa hujazwa lita mbili tu kwa wakati, hata kielea kikinasa tena.